Ndege Wamekuja, Ndege Imekuja

Mwaka ule mpunga wa Mabogini ulipoanza kuinamisha vichwa
nililipwa buku kwa siku, na uji kikombe kimoja,
niwe adui wa ndege.

Ajira yenyewe haikutaka cheti.
Kopo la rangi, kokoto saba ndani yake,
kamba ya mkonge kutoka tuta hadi tuta,
na kanda ya kaseti aliyoifumua Mzee Mfinanga,
kwaya ya marehemu mkewe,
akaitandaza juu ya mpunga ilie kwa upepo.
Na ililia kweli. Si wimbo. Mvumo,
kama mtu anayetafuta neno
na meno yameshamtoka.

Saa kumi na moja na nusu, mlima ungali mweusi,
binamu yangu Ndekirwa hupiga ukunga kutoka jaruba la juu:
"Ndege wamekuja!"

Hawakuja kama ndege. Walikuja kama moshi
wa tanuri la matofali, unapinda, unajikunja,
halafu moshi ule unaota midomo myekundu
na kila mdomo unaijua punje iliyojaa maziwa.
Kweleakwelea: hata jina lao
halitoshi kutajwa mara moja.
Ukimshika mmoja, ana uzito wa barua.
Wakitua wote, tawi linavunjika.

Nikajifunza kuwabagua wasiohusika:
chiriku wa njano, mropokaji, mla mbegu za magugu,
yule tulimhesabu kibarua mwenzetu;
na mshigi, bluu ya sabuni ya mche,
anayeokota chini walichodondosha wenye pupa.
"Hao waache," alisema Ndekirwa. "Hao wana adabu."

Ijumaa bwana shamba akaja na pikipiki,
akasimama kwenye ukingo wa mfereji, hakuvua kofia.
"Kesho jioni fungieni kuku. Funikeni maji.
Atakayeokota mzoga akala, asinitafute."

Na jioni, ndege ikaja.

Tazama lugha yetu ilivyo bahili:
neno moja kwa chenye moyo na chenye injini,
hilo hilo kwa mkosi unaotua mlangoni.
Kinachotenganisha ni silabi tu,
wa-mekuja, i-mekuja.
Ndekirwa alipopiga ukunga sikuisikia silabi.
Nilivuta kamba.

Ikapita chini, juu ya matete walikolala,
ikageuka, ikapita tena,
ikatuachia harufu ya kitunguu saumu kilichoungua.

Asubuhi kulikuwa kimya
hata ile kanda nikaisikia vizuri kwa mara ya kwanza.
Tulizoa kwa reki, kwa koleo, tukajaza viroba.
Kwelea, kwelea, kwelea,
kisha kitu kidogo cha bluu.
Kooni mwake mlikuwa bado na mbegu.
Za nyasi. Nilizihesabu, kumi na nne,
hata punje moja ya mpunga hamna.
Sikumwambia mtu. Ushahidi ule
ningeupeleka kwa nani?

Mzee Mfinanga alivuna magunia thelathini na mawili.
Alinilipa siku zote, hata zile
ambazo hapakuwa na wa kufukuza.
Nikanunua viatu vya kidato cha kwanza.
Sitadanganya: vilikuwa viatu vizuri,
na wali ule niliula.

Sasa nimepanga Pasua, chumba na sebule.
Jumamosi napeta mchele mlangoni, chenga naziacha ukutani.
Huja chiriku mmoja,
anaropoka kabla ya kula, anaropoka baada ya kula,
kama aliyetumwa na shangazi.

Jana mwanangu Aikande, ambaye bado anayang'ata maneno,
akanyoosha kidole:
"Mama, ndege imekuja."

Ungo ukanitoka mkononi.
"Amekuja," nikamwambia. "Sema amekuja."
"Imekuja."
"Amekuja, mama. A. A-me."

Chiriku alishaondoka.
Tukaendelea kusema
mpaka maharage yakaungua.